Mama Kadi Alitaka Laptopu Yenye Homa

Mama Kadi hakuwa na mtoto aitwaye Kadi. Naanza na hilo kwa sababu kila mteja mpya aliyeingia pale kibandani Laini Saba, Kibera, aliuliza, kwa heshima zote, "Na Kadi ako shule gani siku hizi?" naye Mama, bila kuinua macho, alijibu, "Ako kwa printa." Watu walimwita hivyo kwa sababu alitengeneza kadi: za harusi, za michango, za mialiko ya kanisa, na zaidi ya zote programu za matanga, zile karatasi za kukunjwa zenye picha ya marehemu mbele, ratiba ya ibada katikati na wimbo wa mwisho nyuma. Jina alilopewa na wazazi wake sikuwahi kulisikia, na ukoo wake sikuuliza. Nilifanya kazi naye kwa miaka kadhaa, na hii ndiyo picha yake jinsi ninavyoiona mimi. Angekuwa ameichora mwenyewe, angeipunguza mashavu.

Kibanda kilikuwa cha mabati, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita kalamu zilihama zenyewe mezani. Mama alikuwa na desturi yake. Akisikia honi kwa mbali, aliachilia mausi ya kompyuta na kuinua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyevamiwa na majambazi, akabaki hivyo mpaka behewa la mwisho lipite. Wateja wageni walidhani ni aina ya maombi, na wengine waliinua mikono pamoja naye. Sababu ilikuwa ya kazi tu. Siku moja alisahau kuinua, meza ikatikisika, na masharubu ya shemasi aliyekuwa akiyarekebisha yakahamia kwenye paji la uso. Karatasi zikachapwa hivyo. Familia ilipokuja kulalamika, Mama aliwatazama kwa utulivu akasema, "Na hamuoni hapo anafanana zaidi na babake?" Nusu ya familia ikaona, nusu ikakataa, wakaanza kubishana wao kwa wao, naye akapata nafasi ya kuchapa nyingine.

Kisha kuna suala la suti. Watu wa kwetu wengi hawaachi picha nzuri. Mtu anaishi miaka yote hiyo, halafu siku ya kumzika familia inaleta kitambulisho chake, na mle kwenye kitambulisho amevaa fulana ya kampeni na uso wa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Mama alikuwa na dawa. Alikuwa amehifadhi suti moja ya rangi ya buluu iliyoiva, na tai nyekundu, aliyoikata kutoka kwa tangazo fulani zamani. Kila mwanamume aliyefariki pande zetu alivalishwa hiyo. Mafundi wa ujenzi, wauza mitumba, walevi, wazee wa kanisa, wote walikwenda mbele za haki wakiwa na tai ileile.

Ilikuwa siri nzuri mpaka matanga mawili yalipokutana Jumamosi moja. Magari ya mazishi yalisimama pamoja, waombolezaji wakasalimiana, wakabadilishana programu kama ilivyo desturi ya watu wenye adabu. Jumatatu asubuhi mjane mmoja alifika kibandani na karatasi mbili mkononi.

"Mama Kadi, hii nguo ya bwanangu imevaliwa na nani?"

Nilijificha nyuma ya mashine ya fotokopi. Mama alichukua zile karatasi, akazitazama moja baada ya nyingine, akazirudisha.

"Mama, hiyo si nguo. Hiyo ni yunifomu," alisema. "Huko wanakoenda hakuna tajiri na maskini."

Yule mjane aliondoka akiwa ametulia kabisa. Wiki iliyofuata alituletea mteja aliyetaka marehemu wake avalishwe yunifomu.

Kulikuwa pia na picha za kukata kutoka kwa picha za harusi. Unajua zile: marehemu yuko katikati ya shemeji zake, kila mtu amemshika mwenzake bega. Mama alimkata mtu kwa subira kubwa, lakini mara nyingine mkono wa shemeji ulibaki shingoni, mkono mtupu usio na mwenyewe. Mteja akiuliza huo ni mkono wa nani, Mama alijibu, "Ni mkono wa Bwana," na hakuna Mkristo aliyethubutu kuuliza zaidi.

Msinielewe vibaya, hakuwa tapeli. Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe tu, na sijawahi kuona mtu anayejipinga kwa raha kiasi kile. Aliomba kabla ya kuchapa, na printa ikikwama aliitukana kwa Kiluhya mpaka majirani wakafunga redio wasikilize. Aliwakemea vijana wanaojipaka urembo wa simu kwenye picha, "Mnamdanganya nani?" ilhali picha yake mwenyewe iliyobandikwa mlangoni ilikuwa haina hata kunyanzi moja, na shingo yake ilikuwa ya msichana wa kwaya. Alikuwa bahili wa wino. Mtu akiomba karatasi yenye weusi pande zote, alimwambia weusi mwingi ni wa matajiri na wachawi. Lakini mwenye msiba akija analia, Mama alizima kila kitu, akamkalisha kwenye kile kiti chetu kizuri, akamtengenezea chai, akamsikiliza. "Marehemu hana haraka," alikuwa akiniambia. "Ni sisi ndio tuna haraka." Kufa kufaana, wanasema, lakini sijaona aliyefaana na wafiwa kwa upole kama yeye.

Mimi aliniita mukhana, yaani binti, akiwa amefurahi. Akiwa amekasirika aliniita "wewe wa diploma", kwa sababu nilikuwa nimesomea kazi ya kubuni michoro katika chuo kimoja kidogo Kawangware, ambako naishi mpaka leo. Ile diploma ilimkera kuliko printa.

Sasa nifike kwa skrini, maana bila skrini humjui Mama Kadi.

Kompyuta yake ilikuwa ya zamani, skrini yake ina kisogo kikubwa kilichochukua nusu ya meza. Mahali fulani mle ndani waya ulikuwa umelegea, na kila kitu kilionekana chekundu. Anga ilikuwa ya waridi. Sukuma wiki ilikuwa ya kahawia. Binadamu wote, bila ubaguzi, walikuwa wekundu kama nyanya. Mtu mwingine angeitupa. Mama alikuwa ameishi na ule wekundu mpaka macho yake yakapatana nao. Alijua kwamba uso ukiwa mwekundu kiasi fulani pale kwenye skrini, karatasini utatoka sawasawa, kahawia au mweusi, vile mwenyewe alivyokuwa. Alikaa mbele ya picha akiongeza hiki na kupunguza kile, uso ukiwa mbali kidogo na skrini, midomo imebanwa. Na kweli, karatasi ilipotoka, watu walilia. Walisema, "Huyu ndiye. Huyu ndiye kabisa." Nimefanya kazi na watu wenye mashine za bei ya shamba, na hawajawahi kumfanya mtu alie hivyo.

Lakini skrini ilikuwa inakufa. Ilianza kuzimika katikati ya kazi, na dawa yake ilikuwa kofi, na kila mwezi kofi lilihitaji kuwa zito zaidi. Nikamwambia Mama, tununue laptopu. Niliyasoma yote kwenye simu: prosesa iwe ya kasi, memori iwe kubwa, skrini ionyeshe rangi za kweli, na kuwe na kadi ya picha.

"Kadi si tunatengeneza sisi?" akasema.

"Hii ni kadi ya ndani ya mashine, Mama."

"Basi wanatuibia biashara."

Hata hivyo alikubali, na Jumatatu moja tukaenda mjini, kwenye duka la laptopu zilizotumika ng'ambo. Niliingia na maswali yangu ya kisomi. Mama aliingia na yake. Alizipima uzito kwa mkono mmoja, kama mtu anayechagua kabeji, kwa sababu mashine ingelazimika kurudi naye nyumbani kila jioni. Aliziweka mapajani zikiwa zimewashwa, akatulia, akangoja. "Hii ni jiko," akasema kuhusu moja. "Nikimaliza kazi niteleke maharagwe." Alifungua na kufunga vifuniko akisikiliza kama vinalia. Kisha akamuuliza muuzaji, kijana nadhifu wa tai, swali ambalo sidhani aliwahi kuulizwa.

"Mwenye hii alikufa ama alinunua ingine?"

"Sijui, Mama. Zinakuja kwa kontena."

"Utafute ujue. Mimi naweka marehemu ndani. Sitaki wakutane na mwenyewe."

Mwishowe nilimchagulia mimi. Ilikuwa mashine safi, skrini yake inaonyesha rangi kama dirisha lililopanguswa. Hata leo nasema ilikuwa chaguo zuri, na atakayebishana nami aje Kawangware anitafute. Shida haikuwa mashine. Mzoea punda hapandi farasi, na mimi nilikuwa nimemletea Mama farasi.

Kazi ya kwanza kwenye mashine mpya ilikuwa programu ya mzee mmoja wa Silanga, aliyeuza makaa maisha yake yote. Mama alimfungua marehemu kwenye skrini mpya, akashtuka. "Huyu amepauka," akasema. "Huyu ana baridi." Nikamwambia hapo ndipo alipo sawa, ndiyo rangi yake halisi. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mwenye diploma, akaanza kumuongeza wekundu. Akaongeza mpaka mzee akafika pale alipozoea kuwaona watu wake. Mimi nilikuwa nimetumwa kununua karatasi. Niliporudi, zilikuwa zimetoka kifudifudi kwenye printa, zimefungwa na kuchukuliwa bila mtu kuzigeuza.

Tulikwenda kanisani kesho yake, kama ilivyokuwa desturi ya Mama kuhudhuria. Programu ziligawanywa. Watu wakaanza kugeuza karatasi kuona kama mbele ndiyo mbele. Mzee wa makaa, mtu aliyekuwa mweusi kwa kuzaliwa na akaongezewa na kazi, alikuwa pale katika suti ya buluu, mwekundu kama mtalii aliyelala ufuoni.

"Huyu ni nani?" akauliza kaka mmoja.

"Ni Baba."

"Baba wa nani?"

Shangazi mmoja aliyekuwa amefika alfajiri kutoka nyumbani akasema kwa sauti ya kanisa zima kusikia, "Si niliwaambia ile mochari ni baridi sana? Ona sasa amegeuka mzungu." Mchungaji akajaribu kuokoa jahazi, akasema mbele za Mungu hakuna mweusi wala mwekundu, na hapo kijana mmoja wa kwaya akashindwa, akatoka nje akicheka kwenye leso. Ucheshi ni ucheshi, nami nilicheka baadaye mpaka mbavu zikauma. Lakini wakati ule nilimwona mjane. Aliikunja programu yake polepole, uso ukawa ndani, akaiweka chini ya kiti.

Mama aliona pia. Aliinuka, akapita viti kwa viti akizikusanya zote, akisema "Pole, nirudishie, pole, nirudishie." Tukarudi Laini Saba karibu tukikimbia. Skrini ya zamani ilipigwa makofi kama mwizi wa kuku. Ikawaka. Mzee akatengenezwa upya, akachapwa, na Mama akazipeleka mwenyewe kwenye basi la mazishi likiwa tayari linanguruma. Alimpa mjane ya kwanza kupitia dirishani. Mjane aliitazama, akaiweka kifuani. Basi likaondoka.

Ndipo, tukiwa tumesimama pale kwenye vumbi, Mama akaniambia neno ambalo halikuwa la utani. "Mukhana, hii ya zamani haina wiki mbili. Nikikosa mashine ya kunionyesha watu vile mimi nawajua, nafunga. Sitamzika mtu tena akiwa mtu mwingine." Nikajua anamaanisha. Kibanda kile ndicho kilichokuwa kimemweka Nairobi, na, niseme wazi, ndicho kilichokuwa kimeniweka mimi na akili timamu. Sikutaka kifungwe.

Laptopu ile safi ilirudishwa dukani. Kijana wa tai aliuliza ina kasoro gani. "Iko na afya sana," Mama akamjibu.

Hivyo tukaanza kutafuta laptopu yenye homa. Sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyewahi kuzunguka Nairobi akitafuta mashine iliyoharibika kwa namna moja maalumu. Tuliingia duka baada ya duka. Muuzaji alileta bora aliyonayo, Mama akatazama, akatikisa kichwa. "Huna yenye imechoka kidogo?" Mmoja akadhani hatuna uwezo, akatutolea ya bei nafuu. "Hii ni nzima pia," Mama akalalamika. Mwingine alikuwa na yenye mistari ya kijani. "Hapana, hiyo ni ugonjwa mwingine."

Nilijaribu njia ya wasomi. Mashine yoyote unaweza kuibadilisha rangi kwa kubonyeza mahali fulani, na niliazima laptopu ya binamu yangu nimwonyeshe. Niliiweka rangi ya machungwa. "Hiyo ni homa ya manjano," akasema. Niliiweka nyekundu, tena nyekundu nzuri. Aliitazama muda mrefu, akakataa. "Hii inaigiza. Leo ni nyekundu kwa sababu umeiambia. Kesho mtu mwingine ataiambia ingine." Nilimweleza mpaka nikatoka jasho. Mpaka leo naamini angezoea kwa majuma mawili, na kwamba shida yake kubwa ilikuwa ukaidi. Lakini mtu hashindani na mwanamke ambaye amevalisha nusu ya Kibera suti moja.

Tuliipata Kawangware, si mbali na kwangu, kwa fundi mmoja aliyetengeneza simu na laptopu chini ya mwavuli wa kampuni ya soda. Ilikuwa chini kabisa, chini ya mifupa ya mashine nyingine.

"Mathe, hiyo achana nayo," fundi akasema. "Hiyo nimeweka ya kutoa spea. Skrini imeenda."

"Imeenda aje?"

"Inaonyesha red tupu. Waya ya skrini imeisha."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka vile. "Niwashie," Mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. Fundi akawasha. Mama akatoa flashi yake, tukafungua picha ya kwanza iliyokuwepo, bibi harusi mmoja wa zamani. Alitokea mwekundu kama nyanya, shela yake ya waridi, maua yake ya kahawia. Mama alifunika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Ona vile anapendeza!"

Fundi akaniinamia. "Manze, mathe wako ako poa kweli?"

"Ako poa. Tunaichukua," nikasema.

"Hii? Siwezi wauzia takataka, nitajiskia vibaya."

Tulimbembeleza. Mama alimweleza habari za mzee wa makaa, na nadhani kijana alisikia huzuni tu, asisikie sababu. Akakubali. Akasema atuwekee chaja na programu za kuhariri picha, tuje asubuhi. Usiku ule nililala kama mtu aliyepokea mshahara.

Asubuhi tulimkuta tayari anatungoja. Laptopu ilikuwa mezani imepanguswa, imewekwa juu ya taulo safi. Alikuwa anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Mathe, funga macho."

Mama akafunga. Fundi akainua kifuniko.

"Fungua. Surprise! Nimekesha nayo. Nimetoa waya kwa ingine, nimekuwekea, na sikuchaji hata bob. Si ulinikumbusha mamangu."

Kwenye picha ya shamba aliyoifungua, anga ilikuwa buluu. Sukuma wiki ilikuwa kijani. Ilikuwa skrini nzima, yenye afya, isiyo na wekundu hata chembe.

Shukrani ya punda ni mateke, na mimi mguu ulikuwa tayari umeinuka. Lakini Mama hakuwa punda. Alimtazama yule kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, akamshika mkono. "Mungu akubariki, mwanangu. Akuongezee." Alisema hivyo na akamaanisha. Mimi nilibaki nyuma nikamuuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kurudisha ule ugonjwa.

"Kuharibu?" akashtuka. "Sister, mimi ni fundi."

Waya wa zamani ulikuwa umekwisha kwenda na watu wa taka. Mama alitembea mpaka tukafika pembeni ya barabara, mahali hakuna mtu wa kutujua, akaketi juu ya jiwe akalia, laptopu nzima ikiwa mapajani mwake. Kisha akaanza kucheka huku analia. "Mukhana, hata bahati mbaya yangu imetengenezwa." Nilicheka naye, na moyo wangu uliniuma.

Skrini ya zamani ilikataa kofi wiki hiyohiyo. Mama alifunga kibanda, akafungasha printa, akaenda nyumbani Magharibi. Nilimsindikiza mpaka kwenye basi. Mimi nikapata kazi katika ofisi ya matangazo mjini, kwenye mashine kubwa yenye kila kitu nilichowahi kusoma kwenye simu. Nilichora vibandiko vya maziwa na sabuni. Hakuna aliyelia.

Miaka ikapita. Mwaka jana baba yangu akafariki.

Kila mtu alisema, bila shaka programu utatengeneza wewe, si ndiyo kazi yako? Nami nilisema ndiyo. Niliifungua picha yake ofisini, kwenye skrini ile nzuri, na akatokea vile alivyo, kila kitu mahali pake, mpaka kovu dogo la kidevuni. Sikuweza kuigusa. Nilifungua nikafunga, nikafungua nikafunga, siku zikisogea na mazishi yakikaribia. Ndipo mwanamke mmoja aliyeniuzia leso nyeusi Soko la Toi aliposikia shida yangu, akaniambia, "Si uende kwa Mama Kadi? Ako hapo ndani, kwa fundi wa nguo."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikapita katikati ya milima ya makoti ya mitumba, nikamkuta. Alikuwa kwenye kona, mbele ya laptopu, ileile ya Kawangware, nzima na yenye afya, printa yake ya zamani pembeni. Na usoni alikuwa amevaa miwani mikubwa ya kike yenye vioo vya waridi vya kung'aa, miwani ya msichana anayeenda kucheza muziki.

"Mukhana!" akapiga kelele. "Umenenepa ama ni hii miwani?"

Tulikumbatiana mpaka fundi wa nguo akatuomba tumpishe. Akanieleza. Huko nyumbani alikuwa amegombana na ng'ombe, na mahindi, na wifi zake, kwa mpangilio huo. Alirudi Nairobi kuuza mitumba. Siku moja hapahapa Toi akajaribu miwani ya kuzuia vumbi, akainua macho, akaona dunia nzima imekuwa nyekundu. "Watu wangu wote wamerudi, mukhana. Nikaenda kutoa laptopu kwa sanduku mbio mbio." Ubaya wake tu, alisema, anasahau kuivua akienda sokoni. Alikuwa akinunua nyanya mbichi kila wiki, na mwenye bucha alikuwa amempenda sana kwa sababu kila nyama kwake ilikuwa mbichi ya leo.

Kisha akaniuliza nimeleta nini. Nikampa flashi, nikamwambia, "Ni Baba." Alimfungua baba yangu, akamtazama. Akavuta kiti chake kizuri, akanikalisha. Akaagiza chai. Nikalia pale, mbele ya mafundi wa nguo na mteja aliyekuwa anajaribu suruali, nikalia kilio nilichokuwa nimekizuia tangu hospitalini.

Nilipotulia alivua ile miwani akanivalisha mimi.

"Mwangalie sasa."

Niliangalia. Baba yangu, mtu mkali aliyekuwa hacheki na watoto, alikuwa mwekundu kama nyanya, mpaka masikio, mpaka kile kidevu. Alionekana kama mtu aliyefumaniwa anakula sukari. Nikacheka. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu afariki, na nikiwa bado nacheka nilinyoosha mkono nikashika mausi.

"Eeh," Mama akasema nyuma yangu. "Ongeza kidogo. Hapo kwa shavu. Usiogope, ni babako tu."

Tulifanya kazi ile pamoja, tukibadilishana miwani. Tulipomaliza, alibonyeza kuchapa, nami nikaivua nikaiweka mezani. Karatasi ikatoka polepole, paji la uso kwanza, halafu macho, halafu kidevu na kovu lake, na alikuwa mweusi vilevile alivyokuwa, baba yangu, ananiangalia.